Kabla ya kulituhumu kopo: tunavyosaka kemikali za vifungashio kwenye vinywaji

Kila siku ya kazi, sampuli ya kwanza kuingia kwenye mashine yangu haina soda wala bia. Ni maji. Maji hayo yamepita kila hatua ambayo soda itapita: yamemiminwa kwenye chupa zilezile za kioo, yamechujwa kwa katriji za boksi lilelile, yamekaushwa kwa gesi ileile na kushikwa na mikono ileile. Tunayaita sampuli tupu. Nikiona bisfenoli A, kemikali ninayoisaka zaidi, ndani yake, siku hiyo sipimi kinywaji cha mtu yeyote mpaka nijue imetoka wapi.

Naanza na maji kwa sababu maswali ninayotumiwa huanzia upande wa pili kabisa. "Kaka, ni kweli soda ya kopo ina sumu?" "Dokta, kuna video inazunguka kwenye magrupu, wanasema makopo yanaharibu uzazi." Mimi si daktari wa hospitali, ni mkemia wa maabara hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutafuta kemikali zinazohama kutoka kwenye kifungashio na kuingia kwenye kinywaji. Maswali hayo nayaheshimu. Mama anayemnunulia mtoto juisi ya kopo ana haki ya kujua kilichomo. Ila jibu la kweli linapitia kwenye yale maji, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na kopo lenyewe. Ukilishika unahisi alumini, lakini soda iliyomo ndani haigusi alumini. Ukuta wa kopo una unene wa takriban milimita 0.1, na upande wa ndani umepuliziwa koti la resini lenye mikroni chache tu, kisha likaokwa kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 200 mpaka likakauka na kushikamana. Koti hilo lina kazi kubwa. Soda ya kola ina asidi kali, pH yake ni karibu 2.5, na bila koti ingeanza kuila alumini. Kinywaji kingebadilika ladha na kopo lingetoboka likiwa bado dukani. Kwa hiyo anayesema "waondoe tu hiyo plastiki ya ndani" anaomba kitu ambacho kingemletea kinywaji kibaya zaidi.

Kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1950, koti lililotawala lilikuwa la epoksi. Epoksi hiyo hutengenezwa kwa kuunganisha bisfenoli A, tunayoifupisha BPA, na kemikali iitwayo epikloridrini. Zikiungana zinafanya mnyororo mgumu usioyeyuka. Tatizo ni kwamba mmenyuko wa kemia haukamiliki asilimia mia. Hubaki chembe za BPA ambazo hazikupata mwenza, zimejibana katikati ya minyororo, na hizo ndizo zinazoweza kutoka na kuingia kwenye kinywaji.

BPA si kemikali mpya. Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza mwaka 1891. Mwaka 1936, jijini London, Edward Charles Dodds na mwenzake walionyesha kwamba inaiga homoni ya kike, estrojeni, ingawa kwa nguvu ndogo sana. Dodds alikuwa anatafuta dawa, na miaka 2 baadaye akapata molekuli yenye nguvu zaidi, hivyo BPA ikaachwa kama dawa. Viwanda vya plastiki na resini ndivyo vilivyoichukua baadaye. Nadhani ni vizuri watu wajue jambo hili: tabia yake ya kuiga homoni ilijulikana kabla haijapakwa ndani ya kopo hata moja.

Sasa, tunatafuta kiasi gani? Mwaka 2009 wakemia wa serikali ya Kanada walichapisha vipimo vya soda za makopo zilizonunuliwa madukani kwao. Karibu zote zilikuwa na BPA, na hata ile iliyoongoza haikufika mikrogramu 5 kwa lita. Nyingi zilikuwa chini ya mikrogramu moja. Mikrogramu moja kwa lita ni gramu moja ndani ya lita milioni moja. Wakazi wa Dar wanalijua boza la maji la lita 10,000. Panga maboza 100 ya namna hiyo, tia gramu moja ya BPA, yaani kama robo ya kijiko cha chai cha sukari, ukoroge mpaka isambae kote. Kisha nipe kikombe kimoja kutoka boza lolote, uniulize: imo? Kiasi gani? Hiyo ndiyo kazi.

Inaanza na kutoa gesi. Soda inayochemka mapovu huwezi kuipima ujazo, kila mililita inadanganya. Tunaimimina kwenye chupa ya kioo na kuiweka kwenye beseni la mawimbi ya sauti mpaka mapovu yaishe. Bia inasumbua zaidi, povu lake lina protini na halitaki kutulia, kwa hiyo bia ninaiacha ikae usiku mzima kwenye baridi kabla ya kuigusa. Halafu napima ujazo kwa pipeti ya kioo na kuongeza kitu kinachoamua kama kazi nzima itaaminika: pacha.

Pacha ni BPA iliyotengenezwa maalumu, ambayo atomu zake za haidrojeni zimebadilishwa kuwa haidrojeni nzito, au kaboni zake zimebadilishwa kuwa kaboni 13. Kikemia inafanya kila kitu sawasawa na BPA ya kawaida. Inapotea pale inapopotea mwenzake, inang'ang'ania pale mwenzake anapong'ang'ania. Tofauti yao ni uzito tu, na mashine yangu inaona uzito. Nikiweka kiasi ninachokijua cha pacha mwanzoni, na mwishoni nikaona asilimia 80 tu imefika, najua BPA ya kwenye soda nayo imefika asilimia 80, nasahihisha. Bila pacha, sukari, rangi ya karameli na uchungu wa hopsi vinaifunika BPA kwenye mashine, unaandika "haipo" kumbe ipo. Nimeona ripoti za namna hiyo zikipewa watu kwa nia njema kabisa.

Baada ya pacha, kinywaji kinapitishwa kwenye katriji, kimrija chenye unga unaoshika molekuli zenye tabia ya mafuta na kuacha sukari ipite na maji. Unaosha, unatoa BPA kwa methanoli, unaikausha methanoli kwa kupuliza naitrojeni polepole, unayeyusha mabaki kwenye kichupa kidogo. Mililita kumi au zaidi za soda sasa zimekuwa nusu mililita. Umeikoleza BPA, na bahati mbaya umekoleza pia kila uchafu ulioingia njiani.

Kichupa kinaingia kwenye kromatografu, inayotenganisha vitu kwa muda wa kutoka, kisha kwenye spektromita ya tungamo, mashine ya kupima uzito wa molekuli. BPA ina uzito wa 228. Ndani ya mashine inapoteza protoni moja, inakuwa 227, kisha tunaivunja kwa makusudi na kuangalia vipande: kimoja cha 212, kingine cha 133. Ili nikubali kwamba niliyoiona ni BPA, vipande vyote viwili lazima vitoke kwa wakati mmoja na pacha, na uwiano wao uwe uleule wa BPA safi. Kitu kingine kinaweza kuwa na uzito wa 227 kwa sadfa. Kuvunjika vilevile, kwa uwiano uleule na kwa dakika ileile, ni vigumu sana. (Kwa wanafunzi wa kemia wanaosoma: pacha mwenye haidrojeni nzito 16 utamwona kwenye 241, si 243 kama hesabu ya haraka inavyoonyesha, kwa sababu haidrojeni 2 za ncha ya fenoli hubadilishana na za maji. Nimewahi kupigiwa simu mara mbili kuhusu hilo.)

Sasa nieleze siku ambayo maji yalinifundisha kazi.

Nilikuwa bado mgeni kwenye kipimo hiki. Tulikuwa na makopo kama ishirini ya vinywaji vya aina mbalimbali, yamenunuliwa madukani mjini. Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi: BPA kwenye kila kopo, namba zinazofuatana vizuri, hakuna kilichopotea. Nilishaanza kuandika ripoti. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wetu wa maabara, ambaye sasa amestaafu, akanijia akaniuliza, "Mwanangu, maji yako yanasemaje?" Nikafungua faili la sampuli tupu ambayo nilikuwa nimeipita haraka. Maji yalikuwa na BPA karibu nusu ya ile niliyoikuta kwenye soda.

Tulitafuta kwa siku 4. Tukabadilisha methanoli, tukapima maji ya mtambo wetu wa kusafisha, tukaoka vyombo vya kioo upya kwenye tanuri. Namba ikashuka kidogo lakini haikuondoka. Siku ya tano yule mzee akasimama mlangoni akanitazama nikipokea mzigo mpya wa sampuli. Kila mfuko ulikuwa umebanwa risiti kwa stepla. Mimi nilikuwa nazibandua, nasoma tarehe na jina la duka, naandika kwenye daftari, kisha naendelea kufungua makopo kwa mikono ileile, baadaye na glavu nilizovaa kwa mikono ileile.

Wasomaji wa Tanzania wote mnaijua ile kauli ya "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto, bila wino. Karatasi hiyo imepakwa kemikali inayoamsha rangi inapopashwa, na kwa miaka mingi kemikali iliyotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo ni BPA. Tofauti na ile ya kwenye kopo, ya kwenye risiti haijafungwa kwenye mnyororo wowote. Iko huru, imekaa juu ya karatasi kama unga, na inaweza kufika asilimia 1 au zaidi ya uzito wa karatasi. Weka hesabu: karatasi ya gramu moja ina miligramu 10, yaani mikrogramu 10,000. Mimi nilikuwa natafuta sehemu ya mikrogramu moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwangu kilikuwa kwenye vidole.

Tulipima kipande cha risiti mojawapo. Mashine ilijaa, ikatuchukua siku nzima kuisafisha. Ripoti niliyokuwa nimeanza kuiandika niliifuta yote. Ingetoka, ingesema kweli kuhusu uchafu wa vidole vyangu na kuwasingizia wenye viwanda, na kesho yake ingekuwa kwenye kila grupu la WhatsApp. Sampuli zilirudiwa na mtu mwingine, risiti zikiwa zimebaki kwenye bahasha chumba kingine. BPA bado ilikuwepo kwenye vinywaji kadhaa, kiasi kidogo zaidi, na baadhi havikuwa nayo kabisa kwa uwezo wa mashine yetu. Hayo ndiyo yalikuwa majibu.

Tangu hapo nimejifunza kuwa BPA ya maabara hutoka sehemu nyingi. Mitambo ya kusafisha maji ina sehemu za polikaboneti, plastiki ngumu inayotengenezwa kwa BPA. Vimrija vya katriji, vizibo vya chupa, glavu, vumbi la chumba, hata losheni. Ndiyo maana tunafanya sampuli tupu nyingi kila siku, zaidi ya moja, tunaangalia zinavyoyumba, na kikomo chetu cha ugunduzi tunakiweka juu ya kuyumba huko. Mashine inaweza kuona hata kiasi kidogo kilicho chini ya kikomo hicho. Sisi hatuwezi kuapa kwamba kidogo hicho kimetoka kwenye kopo.

Na hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu zaidi miaka hii ya karibuni.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilisema mtu anaweza kupata hadi mikrogramu 4 za BPA kwa kila kilo ya mwili wake kila siku bila wasiwasi. Aprili 2023 ikapitia upya utafiti uliokusanyika, ikatazama hasa athari kwenye kinga ya mwili, na kushusha kiwango hicho hadi nanogramu 0.2 (mikrogramu moja ina nanogramu 1,000). Ni mara 20,000 chini ya cha awali.

Chukua kopo la mililita 330 lenye BPA ya mikrogramu 0.5 kwa lita, kiasi cha kawaida kabisa kwa makopo ya epoksi. Lina jumla ya mikrogramu 0.165. Mnywaji ana kilo 60. Kwa kiwango cha 2015, angehitaji makopo zaidi ya 1,400 kwa siku ili kufika kikomo. Kwa kiwango cha 2023, kopo moja linamvusha karibu mara 14. Vijiko vitano vya chai vya soda ileile vinatosha kumfikisha. Kopo ni lilelile, kipimo changu ni kilekile. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, haikukubaliana na EFSA, ikaweka kiwango chake cha nanogramu 200, na kwa hesabu hiyo ni makopo kama 72. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, inaendelea kusema kiasi kinachopatikana kwenye vyakula sasa ni salama.

Ukinipa namba ukaniuliza "ni salama?", naweza kukuonyesha majibu hayo matatu, na yote yameandikwa na wataalamu wanaojua wanachofanya. Ila kuna jambo moja linalonihusu mimi kama mpimaji. Kiwango cha EFSA kikigeuzwa kuwa kopo moja la mililita 330 kwa mtu wa kilo 60 ni takriban mikrogramu 0.036 kwa lita. Hapo ndipo maji matupu ya maabara nyingi yanapoishi. Anayetaka kusema kwa uhakika kwamba kinywaji kiko chini au juu ya kiwango hicho, lazima kwanza awe na maabara safi kuliko kinywaji chenyewe. Ripoti nyingi zinazozunguka hazionyeshi sampuli tupu hata moja. Ukikutana na ripoti ya aina hiyo, ina namba kubwa au ina "haikuonekana", uliza maji yao yalisemaje.

Je, mwili unaiona kabisa hiyo BPA ya kopo? Ndiyo. Kuna jaribio la Seoul, Korea Kusini, lililochapishwa mwaka 2015, ambalo nalipenda kwa sababu ya usafi wa mpango wake. Watu 60 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walinywa maziwa ya soya kwa siku tofauti: chupa 2 za kioo, makopo 2, au kimoja kimoja. Kinywaji ni kilekile, kifungashio ndicho kinachobadilika. Saa 2 baadaye mkojo wa siku ya makopo ulikuwa na BPA zaidi ya mara 14 kuliko wa siku ya kioo, na namba ya juu ya shinikizo la damu ilipanda kwa wastani wa kama milimita 4.5 za zebaki. Mwili huitoa BPA haraka, nyingi ndani ya siku moja, kwa hiyo jaribio hilo halisemi lolote kuhusu miaka kumi. Linasema kwamba kifungashio si mtazamaji tu.

Mimi msimamo wangu ni huu: hatari kwa mtu mzima anayekunywa kopo moja moja ni ndogo, na sukari ya kwenye soda hiyo inanitia hofu zaidi. Kwa mjamzito na mtoto mchanga sina ujasiri huo, na pale ambapo kinywaji kilekile kipo kwenye chupa ya kioo, nawaambia ndugu zangu wachukue cha kioo. Chupa zetu za soda za kurudisha, zile za kreti, kwa jambo hili ni kifungashio kizuri sana, na inaniuma kuona zinapungua madukani.

Ufaransa ilipiga marufuku BPA kwenye vifungashio vya chakula tangu Januari 2015. Umoja wa Ulaya umefuata: kanuni ilipitishwa Desemba 2024, ikaanza kufanya kazi 20 Januari 2025, na viwanda vikapewa miezi 18 kwa bidhaa nyingi, mpaka Julai 2026, na miaka 3 kwa baadhi. Watengenezaji wa makopo walianza kuhama mapema, kwenda kwenye makoti ya akriliki, ya poliesta, na ya bisfenoli za aina nyingine. Kopo linalotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya linaweza kuuzwa Mombasa au Muscat pia, kwa hiyo marufuku ya kule inabadilisha ninachokiona kwenye mashine hapa.

Na ninachokiona kinanifanya niwe mwangalifu. BPA imeshuka, na kwenye mchoro wa mashine vilele visivyo na majina, yaani vitu nisivyovitambua, vimeongezeka. Koti la poliesta huacha vipande vidogo vya mnyororo vilivyojikunja duara, ambavyo hakuna aliyeviweka kwa makusudi na vingi havijafanyiwa utafiti wa sumu. Kwenye risiti, BPA ilibadilishwa na BPS, ambayo ni ndugu yake wa karibu na yenyewe inaiga homoni. Maneno "haina BPA" kwenye kopo yananiambia kitu kimoja ambacho hakimo. Kwa hiyo siku hizi nikipokea kopo sipimi BPA peke yake. Napima pia BPS, BPF ambayo ni bisfenoli nyingine, na BADGE, ambayo ni tofali la msingi la epoksi. Ulaya ina kikomo cha BADGE pamoja na mazao yake yanayotokea ikikutana na maji: miligramu 9 kwa kilo ya chakula.

Metali nizitaje kwa kifupi. Risasi ilikuwa janga la makopo ya zamani ya chuma, ambayo mshono wake wa ubavuni ulichomelewa kwa risasi. Marekani viwanda viliacha mwaka 1991 na sheria ikaja 1995. Kopo la kisasa la soda halina mshono wa ubavuni, ubavu na kitako vimevutwa kutoka kipande kimoja. Bati, nikimaanisha metali yenyewe na si mabati ya paa, bado linapimwa kwenye juisi za nanasi na nyanya zilizo kwenye makopo ya chuma yaliyopakwa bati bila koti. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, inaruhusu miligramu 150 kwa kilo kwenye vinywaji vya makopo. Ikizidi 200 hivi, mtu anaweza kupata kichefuchefu na tumbo kuuma siku hiyohiyo. Usiihifadhi juisi ya aina hiyo ndani ya kopo baada ya kulifungua. Hewa ikiingia, bati linayeyuka kwa kasi.

Kwa alumini, kinachopimwa kwanza ni koti. Kiwandani wanajaza kopo maji ya chumvi, wanaingiza umeme wa volti 6.3 na kusoma mkondo baada ya sekunde 4. Koti zima halipitishi umeme, koti lenye tundu linapitisha, na miliampea zinakuambia tundu ni kubwa kiasi gani. Mimi nikitaka kuona tundu lenyewe lilipo, natia ndani myeyusho wa salfeti ya shaba wenye asidi. Baada ya muda, pale ambapo alumini iko wazi panaota doa la rangi ya shaba. Mara nyingi doa hukaa karibu na shingo au kwenye mkwaruzo wa kifuniko. Kijana wa mazoezi akiona madoa hayo kwa mara ya kwanza, huwa anaelewa koti ni nini kuliko nikimchorea ubaoni saa nzima.

Kuhusu jua na kubonyea, mnaniuliza sana. Kopo lililobonyea lina hatari ya koti kupasuka na metali kuingia, au mshono wa kifuniko kuachia. Usilinunue likiwa limebonyea kwenye ukingo. Kuhusu BPA, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, kwenye vyakula vya makopo, ulionyesha kwamba asilimia 80 hadi 100 ya BPA iliyokuwa kwenye koti ilihama wakati chakula kinapikwa ndani ya kopo kiwandani. Kuhifadhi hadi miezi 9 na kubonyeza makopo hakukuongeza kitu cha maana. Soda haipikwi ndani ya kopo kwa joto hilo, na hiyo ni sababu mojawapo ya soda kuwa na BPA kidogo kuliko maharage au supu ya kopo. Joto huharakisha kuhama kwa molekuli yoyote, kwa hiyo sipendi kuona makreti yakikaa juani, lakini video inayosema kopo lililopigwa na jua "limegeuka sumu" inaongeza chumvi.

Kuna kesi moja ambayo huwa naikumbuka kila mtu anapoleta kopo na kusema "linanuka dawa." Juni 1999, Ubelgiji, wanafunzi wa shule moja ya Bornem waliugua baada ya kunywa Coca-Cola, na siku zilizofuata wakaugua wengine sehemu mbalimbali. Serikali ikaondoa vinywaji vya kampuni hiyo sokoni. Kampuni ilieleza mambo mawili: gesi ya kaboni yenye uchafu wa salfa kwenye kiwanda cha Antwerp, na kwa makopo kutoka kiwanda cha Dunkirk, Ufaransa, dawa ya kuzuia ukungu iliyopakwa kwenye mbao za kupangia mizigo, ikagusa makopo kwa nje. Viwango vilivyopimwa vilikuwa vidogo, vya kutoa harufu zaidi ya kutoa sumu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven waliandika kwamba hofu iliyokuwepo nchini baada ya kashfa ya dioksini, sumu iliyokutwa kwenye kuku na mayai, ilichangia sana. Wale watoto waliugua kweli, harufu ilikuwepo kweli. Na kwa makopo ya Dunkirk, pua ya binadamu iligundua kitu ambacho hakikuwa ndani ya kopo kabisa. Tangu nilipoisoma kesi hiyo, kopo la malalamiko nalifuta kwa nje kwa pamba safi yenye methanoli kabla ya kulifungua, na pamba hiyo nayo inapimwa.

Kwa mwenye kiwanda, duka au chama cha walaji anayetaka kutuletea vinywaji: leta makopo yasiyopungua sita ya bechi moja, hayajafunguliwa. Kinywaji hichohicho kikiwepo kwenye chupa ya kioo, leta na hicho, ili kopo lipate wa kulinganishwa naye. Mwenye kiwanda alete pia makopo matupu ya bechi hiyo, na jina la koti kutoka kwa aliyemuuzia. Usiyafunge kwenye mifuko ya plastiki, yafunge kwa karatasi ya alumini ndani ya boksi. Na risiti dai kama kawaida, ila iweke kwenye bahasha peke yake, umkabidhi dada wa mapokezi. Mimi usinipe.